Pumzi Nyuma ya Dashibodi

Kwa wale ambao wiki iliyopita gazeti lao lilifungia vitumbua kabla hawajalisoma, nafupisha dhambi zangu ili tuende sawa.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa bweni, niliyerudishwa nyumbani kwa majuma sita baada ya mifupa ya maabara kukutwa imelala kwenye kitanda cha matroni, imevaa gauni lake la kulalia na kujifunika shuka mpaka kidevuni. Kamati ya nidhamu iliniuliza kama najuta. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba namhurumia marehemu, kwa kuwa usingizi wake ulikatizwa na makelele ya matroni. Wakaongeza wiki mbili.

Nyumbani nilimkuta mama hasemi. Baba alikuwa amefariki miezi minne kabla, kifua kilimmaliza, na tangu siku ya mazishi mama alikuwa akitoa maneno kwa kubana, mojamoja. Kula. Funga mlango. Lala.

Nikaamua kumtibu kwa dawa pekee ninayoijua. Asubuhi moja niliingia kwenye gari la baba, ambalo sasa mama analiendesha kwenda kazini, nikalowesha kipande cha sabuni, nikaandika kwa kidole upande wa ndani wa kioo cha mbele neno ambalo baba alimwambia kila alipomwona akishika usukani: POLEPOLE. Kioo kikiwa kikavu, neno halionekani. Kikishika ukungu, linajitokeza.

Nilitegemea mama apige yowe, avue kandambili, anikimbize uwanja mzima kama zamani.

Hakupiga yowe. Aliliangalia neno, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Umerudi."

Basi hapo ndipo tulipo. Mama ameanza kuongea tena. Tatizo ni kwamba haongei na mimi.

Kila alfajiri, kabla ya kupanda mlima kwenda zahanati anakofanya kazi ya uuguzi, mama aliketi ndani ya gari nusu saa nzima, injini ikiunguruma, akizungumza. Nilimsikia kupitia dirisha la jikoni. Alimweleza baba habari za paa linalovuja, za mvua zisizokatika, za wagonjwa wanaorudisha vidonge wakidai ni vichungu. Habari zangu pia.

"Yule mwanao kaja na barua nyingine," nilimsikia akisema. "Ya kurasa mbili safari hii. Nakwambia amekuchukua wewe, si mimi."

Siku ya tatu akaniita. "Njoo umsalimie baba yako."

Nilifungua mlango wa mbele.

"Si hapo," alisema. "Hapo amekaa yeye."

Nikapanda nyuma. Ninaungama kwamba nilikuwa nimeshajiandaa kung'ata ulimi ili nisicheke. Sikuhitaji.

Kwanza ilikuwa baridi. Hita ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, injini imewaka muda mrefu, lakini matundu ya dashibodi yalipuliza hewa ya chumba ambacho hakijafunguliwa tangu mwenyewe atoke. Hewa ile ilinipita usoni taratibu, ikatulia shingoni.

Halafu harufu. Tamu, nzito, ya kushika kooni. Niliitambua papo hapo na vinyweleo vya mikono yangu vikasimama vyote. Ilikuwa dawa ya kikohozi ya baba, ile ya chupa ya kahawia, aliyokuwa akinyweshwa kwa kijiko miezi yake ya mwisho.

Na halafu, nyuma ya dashibodi, mbele ya kile kiti kitupu, kitu kilikoroma. Korr... korr... Kikanyamaza. Korr... Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo.

"Unamsikia?" mama aliuliza. Alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno ya mama tangu mazishi.

Neno la kwenye kioo lilikuwa langu. Lakini ile harufu sikuitia mimi. Wala kile kikoromeo sikukipachika mimi. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikijiuliza kama mtu anaweza kubisha hodi kwa utani, halafu mlango ukafunguliwa kweli.

"Shikamoo baba," nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto wa chekechea.

Korr, dashibodi ikajibu.

Niliteremka garini bila kuaga. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama, fundi wa magari, mwenye gereji nyuma ya soko. Ananiita Balaa tangu nilipojaza unga kwenye ekzosi ya pikipiki yake, akaiwasha, ukawapaka wateja watatu. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Mjomba," niliiambia ile miguu, "mzimu unaweza kuingia kwenye gari?"

"Unaingia sana. Nusu ya wateja wangu wananiletea mizimu. Wa kwako unafanya nini, Balaa?"

Nikamweleza. Sikugusia sabuni. Alicheka nilipofika kwenye baridi, akacheka nilipofika kwenye kukoroma. Nilipofika kwenye harufu, kicheko kilikatika na mjomba akatoka chini ya lori mzimamzima.

"Zulia la chini, upande wa abiria, limelowa?"

"Sijui."

"Mama yako anapanda nalo mlimani hivyohivyo?"

"Kila siku."

Jumapili mchana mjomba akaja, eti kumjulia hali dada yake. Alikunywa chai, akasifu chai, kisha akaomba kuliona gari. Aliingiza mkono chini ya zulia, akautoa, akasugua vidole. Vilikuwa vya kijani na vinateleza.

"Dada," alisema polepole, "huyu si shemeji. Hii ni kulanti."

"Ni nini?"

"Maji ya rejeta. Haya ya kijani yanayopoza injini. Hita haina moto wake yenyewe, dada, inaazima. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye rejeta nyingine ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hapo, nyie mnapata joto. Sasa hiyo ndogo imetoboka. Maji yanavujia ndani. Yamepungua, ndiyo maana unapata baridi. Palipopungua hewa imeingia, ndiyo hiyo inakoroma. Na hii harufu ni yake, inukie mwenyewe. Hata huu ukungu kwenye kioo unatoka hapohapo."

Alisema kwa upole wote alionao. Lakini nilimwona mama akirudi nyuma hatua moja kwa kila jambo alilolitaja, mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Umemaliza?"

"Mshale wa joto unapanda ukiwa kwenye mlima?"

"Unapanda, halafu unashuka."

"Umeona sasa!"

"Shemeji yako alikuwa na homa za namna hiyo," mama alisema. "Zinapanda, zinashuka."

Mjomba aliniangalia. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Nipe nusu saa tu, dada. Nafungua hapa..."

"Hufungui kitu." Mama alisimama kati yake na boneti. "Mwaka mzima walimfungua. Mrija huku, mrija kule, sindano hapa. Mimi mwenyewe nilikuwa nashika taa. Safari hii hakuna anayemfungua."

Mjomba alifuta vidole kwenye suruali yake, akamshika bega, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka getini.

"Sikiliza, Balaa, na leo usicheke."

"Sicheki."

"Injini ikiungua ni chuma tu, nitatengeneza. Kinachonitisha ni kioo. Ule mvuke una utelezi kama mafuta. Ukiufuta kwa kitambaa hautoki, unasambaa. Siku ile rejeta itakapoachia zaidi, naye yuko kwenye kona za korongoni na ukungu wa nje, atakuwa anaendesha kama amefumba macho."

"Sasa tufanyeje?"

"Chini ya boneti, kwenye ukuta wa nyuma, kuna mipira miwili ya maji inaingia ndani kwenye hita. Unaichomoa yote miwili, unaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba. Maji yanazunguka kwenye injini tu, hita inakuwa nje ya mchezo. Unajazia yaliyopungua, basi. Atasikia baridi, lakini ataona njia. Kazi ya robo saa." Alitazama nyuma kuelekea nyumbani. "Akikubali."

Mtu mwenye akili timamu angemwendea mama papo hapo na kusema: mama, lile neno niliandika mimi.

Mimi nilikwenda kutafuta sabuni.

Hesabu yangu ilikuwa safi, nadhani mtaona. Kama mama anamsikiliza baba tu, basi baba ndiye atakayemwambia. Jumanne jioni niliingia garini nikaandika kwa herufi kubwa zilezile: MPE FUNDI GARI. Nilipokuwa naandika, injini imezimwa, kila kitu kimetulia, nyuma ya dashibodi pakasikika kitu kimoja tu. Tone. Likaanguka kwenye zulia. Kisha tone lingine. Nilimaliza herufi ya mwisho nikiwa tayari nimeshatoa mguu mmoja nje.

Jumatano alfajiri mjomba naye alikuja kujaribu bahati yake tena, akiwa na mfuko wake wa zana. Mama alikuwa ameshaketi ndani, injini inawaka, kioo kinaanza kushika ukungu. Nikasimama kwenye kibaraza kusubiri muujiza wangu.

Mama alisoma. Akazima injini. Akateremka taratibu sana.

"Hivi ni nani hapa duniani," alimuuliza mdogo wake, "anayetaka gari hili lifunguliwe?"

"Ni mimi, dada, lakini..."

"Wewe peke yako. Na ghafla leo marehemu naye anataka. Njoo usome!"

Mjomba aliinama akasoma. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji. Kisha akainua macho, akanitazama juu ya boneti. Kipande cha sabuni kilikuwa kimetokeza kwenye mfuko wa sweta yangu kama ulimi.

"Umeniona mjinga kiasi hiki?" mama alimsogelea. "Unamwigiza marehemu? Mume wangu, unamwigiza?"

Sema sasa, niliuambia mdomo wangu. Siku zote unasema bila kuombwa, sema leo. Mdomo ukabaki umefungwa kama dirisha la duka siku ya msiba.

"Nisamehe, dada," mjomba alisema.

"Toka. Usikanyage tena hapa."

Akatoka. Alinipita bila kugeuza shingo. Mfuko wake wa zana ulibaki pale chini, karibu na tairi la mbele. Mpaka leo sijui kama aliusahau.

Mama alilifuta lile neno kwa kiganja chake. "Hili lilikuwa la mjomba wako," aliniambia. "Lile la kwanza lilikuwa la baba yako. Mimi namjua."

Nikaitikia kwa kichwa. Ninaungama: niliitikia kwa kichwa.

Alhamisi niliamka kabla ya jogoo na kabla ya mama. Nilikuwa nimempigia mjomba mara sita jana yake ili nimwangukie miguuni, simu yake imezimwa. Basi kazi ya robo saa ilikuwa yangu. Nikachukua mfuko wa zana, ndani yake nikakuta kipande cha bomba, nikaweka beseni chini ya gari, nikafungua boneti.

Injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mipira miwili nikaiona palepale alipopataja. Nililegeza klipu ya kwanza kwa bisibisi, nikavuta. Mpira haukuja. Nikapinda, nikavuta, nikaomba, nikatukana kwa lugha ya bwenini. Ukachomoka ghafla na kulanti ikanimwagikia mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, ya kijani, ya baridi, yenye ile harufu. Wa pili ukachomoka kirahisi zaidi na kumwaga zaidi. Beseni likaanza kujaa.

Na kile kikoromeo kikasikika ndani ya gari. Korrrr. Kirefu. Kikafifia, kama mtu anayetoa pumzi yote na hana haraka ya kuvuta nyingine. Nilijua ni hewa. Mjomba alishanieleza kwamba ni hewa. Niliganda palepale nikiwa na mpira mkononi, nikisubiri ivutwe.

Mlango wa jikoni ukabamizwa.

"Fungua geti!" Mama alikuwa anakimbia, kitambaa cha kichwa hakijafungwa, begi la kazi linamgonga paja. "Kuna mzazi kule juu, mtoto katanguliza mguu, na zahanati nzima yupo mfagizi peke yake! Fungua ge..."

Akaliona boneti. Akaniona mimi. Akaliona beseni.

"Unafanya nini?"

Ikatoka yote, bila mpangilio. "Ni mimi, mama. Neno la kwanza ni mimi. Na la pili ni mimi. Mjomba hakuandika chochote, amebeba msalaba wangu. Ni sabuni, mama. Nilitaka unikimbize."

"Nikukimbize?"

"Na kandambili. Kama zamani. Sitakudanganya tena, naapa, sitakudanganya tena maisha yangu yote."

Alinisogelea. Nilisubiri kofi, nililitamani kofi. Badala yake akanishika viganja, akaviinua mpaka usoni kwake, akavinusa. Alifumba macho. Alivuta ile harufu kwenye mikono yangu, taratibu, mara mbili, mara tatu.

Alipofumbua aliangalia beseni.

"Umemmwaga," alisema.

Hakulia. Alisema kama anavyoandika kwenye jalada la mgonjwa: saa fulani, amefariki.

Simu ikalia mkononi mwake. Nilisikia sauti ya mfagizi inapaa, na nyuma yake sauti ya mwanamke ambaye hakuwa akitamka maneno tena. "Usimvute mtoto," mama alimwambia mfagizi. "Usiguse mguu. Mwambie asisukume. Nakuja." Akampigia mjomba. Imezimwa. Akampigia tena. Pikipiki za stendi hazipandi mlima ule mpaka jua litoke, kila mtu anajua.

"Rudisha kama ulivyoikuta," aliniambia.

"Mama, niunganishe tu huu na huu, hita inakuwa nje, mjomba anasema..."

"Hita haitoki. Rudisha."

Akaingia jikoni kutafuta kichungio cha chai.

Nikabaki peke yangu na kipande cha bomba mkononi. Na hapa, wasomaji wangu, naomba mnisikilize vizuri. Ningeweza. Kuunganisha mpira kwa mpira ni kazi ileile ya kuirudisha mahali pake; mama asingejua tofauti mpaka awe ameshafika. Maisha yangu yote, mifupa ya matroni, unga wa ekzosi, sabuni, nilikuwa najizoeza kwa ajili ya dakika ile. Uongo mmoja mdogo, na kioo kingebaki safi.

Lakini nilikuwa nimeapa dakika mbili tu nyuma. Nikarudisha mipira kwenye hita, wa kwanza na wa pili, nikakaza klipu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimetii nilichoambiwa. Naomba iingizwe kwenye faili langu.

Mama aliimimina kulanti mwenyewe, kutoka kwenye beseni, kupitia kichungio cha chai na chupa iliyokatwa kitako. Aliimimina kidogokidogo, mkono mwingine umeshika ukingo wa rejeta, kama anayemnywesha mtu asiyeweza kuinua kichwa. Haikufika hata karibu ya mdomo.

"Panda."

Nilishika mlango wa nyuma.

"Panda mbele," alisema. "Huoni kiti ni kitupu?"

Zulia lilikuwa linatoa maji chini ya viatu vyangu. Tulipita soko, tukapita gereji ya mjomba iliyofungwa, tukaanza mlima. Wiki nzima mama alikuwa haliwashi gari bila kumweleza baba jambo. Asubuhi ile mdomo wake ulikuwa mstari mmoja. Lakini kile kikoromeo kilirudi. Korr... Kikasubiri. Korr... Kikasubiri tena, kama mtu anayejua kwamba sasa ni zamu ya mwenzake. Nilikaribia kumjibu mimi.

Kwenye kona ya pili ukungu wa nje ukatumeza. Mshale wa joto ulikuwa umeshavuka nusu. Na kioo kikaanza kupofuka kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama maziwa yanayopanda kwenye sufuria.

"Futa," mama alisema.

Nikafuta kwa mkono wa sweta. Ule weupe ukawa mistari, mistari ikaungana.

"Futa vizuri."

"Nafuta, mama. Haitoki. Mjomba alisema haitoki."

"Si ulikuwa unajua kuandika hapo?" Alisema bila kunitazama. "Andika basi. Mwandikie baba yako atuonyeshe njia."

Nikaendelea kufuta. Mimi, mwenye jibu la matroni, mwenye jibu la kamati nzima.

"Tusimame, mama. Tungoje kupambazuke."

"Mguu wa mtoto uko nje tangu saa kumi. Yeye nani atamwambia angoje?"

Akateremsha kioo cha upande wake, akatoa kichwa. Upande wake kuna ukuta wa mlima. Upande wa korongo ni wangu.

"Toa kichwa," alisema. "Wewe ndiye utaona ukingo. Nisemee."

Nikatoa kichwa. Baridi ilinikata masikio. Chini ya tairi niliona yale mawe yaliyopakwa chokaa ambayo yamepangwa kando ya barabara, moja moja, yanatokea kwenye ukungu na kupotea. Baada ya mawe hakuna kitu.

"Kulia kidogo," nilipiga kelele. "Sawa. Sawa. Kulia tena. Sawa."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli, mama!"

Akanifuata. Niliposema kulia alikwenda kulia, niliposema sawa alinyoosha. Mshale ulikuwa umelalia kwenye nyekundu na mvuke ulikuwa unatoka kwenye pembe za boneti, na bado tulikuwa tunapanda, mimi nayahesabu mawe, mama anaendesha kwa mdomo wangu. Jiwe. Sawa. Jiwe. Sawa. Nyuma ya dashibodi kile kikoromeo kilikuwa kimeacha kusubiri majibu. Kilikuwa kinakwenda mfululizo, pumzi juu ya pumzi.

"Umbali gani kona ya mwisho?"

"Sijui. Jiwe lipo. Sawa."

Jiwe.

Halafu jiwe moja limelala kiubavu.

Halafu hakukuwa na jiwe. Nilisubiri linalofuata, halikuja. Kulikuwa na udongo mbichi, mwekundu, umekatika kama mkate, na mizizi inaning'inia hewani, na pale ambapo barabara ilitakiwa kuendelea kulikuwa na ukungu tu, unapanda kutoka chini. Mvua ya siku zote zile ilikuwa imeichukua barabara.

"Simama!" nilipiga yowe. "Mama, simama! Hakuna barabara!"

Mama hakukanyaga breki. Aliingiza kichwa ndani kwanza, akageuka, akanitazama usoni, kuona kama nacheka.